Ndege ya Mtumba na Mizani ya Kiandutu

Nilikwenda Kiandutu kula nyama ya akika, nikarudi Mombasa na hesabu ya ndege. Msomaji mpenzi asinicheke. Mambo hayo mawili yalikutana katika ua mmoja mdogo wa mabati, Jumapili moja ya mwanzo wa Juni mwaka 2024, na tangu siku hiyo kila nisikiapo kwamba mkubwa fulani amekodi ndege ama amenunua ndege, humkumbuka kwanza bibi mmoja muuza mitumba.

Kiandutu, kwa msomaji wa Pwani asiyepafahamu, ni kijiji cha mabati kilichobanana pembeni mwa mji wa Thika, jirani na Makongeni. Jina ni la Kikuyu. Ndutu ni funza, yule mdudu aingiaye vidoleni, na Kiandutu ni kama kusema penye funza. Waliolitoa jina hilo hawakutaka kumpamba mtu. Wakazi wake wengi huishi kwa kibarua: huyu katika mashamba ya mananasi ya Del Monte, yule katika viwanda vya mjini, mwingine hubeba mizigo, mwingine hufua nguo za watu. Ukitaka kumjua mtu anayeijua thamani ya shilingi moja, huna haja ya kwenda chuo kikuu.

Mwenyeji wangu alisoma kwangu chuoni zamani, nami ninaposema chuoni nakusudia chuo cha Kurani, huko Majengo, Mombasa. Alikuwa na sauti nzuri na kichwa kigumu. Riziki ikamtupa bara, akaajiriwa kiwandani Thika, akaoa binti wa hapohapo aliyesilimu, na Mola akawajaalia mtoto wa kiume. Akaniandikia: "Ustadh, nimepata mbuzi wawili wa akika. Usipokuja sitawachinja." Ningekataa vipi?

Baada ya sala ya Adhuhuri tuliketi uani, sinia katikati. Alikuwepo mama mkwe wake, bibi wa miaka sitini na kitu, Mkikuyu na Mkristo wa kanisani, ambaye kwa miaka mingi ameuza mitumba. Hununua belo Gikomba, Nairobi, akaifungua hapo Kiandutu. Alikuwepo pia shemeji wa mwenyeji, kijana anayesafisha ndege kwenye uwanja wa Wilson. Kazi yake ni kupangusa viti vya ngozi na kuokota maganda ya njugu yaliyoachwa na matajiri, lakini masikio yake hayapangusi kitu, huchukua kila lisemwalo.

Wilson, kwa faida ya vijana, ndio uwanja mkongwe wa ndege ndogo jijini Nairobi. Jina ni la Bibi Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha shirika la Wilson Airways mwaka 1929. Ndege za kukodi huruka hapo kila siku: za watalii wa Maasai Mara, za mirungi, za mashirika ya misaada, za wanasiasa. Na hapo ndipo walipo madaktari wa angani wa AMREF, kazi iliyoanza mwaka 1957, ambao leo huwachukua wagonjwa hata kwa jeti za Citation, ndege zilezile ambazo kwingineko hubeba wakurugenzi wa makampuni.

Mazungumzo yakaanza kama yaanzavyo mazungumzo yote ya Wakenya mwezi ule. Wiki mbili hivi nyuma Rais William Ruto alikuwa amekwenda Marekani kwa ziara ya kiserikali, naye hakupanda ndege ya kawaida wala ile ya rais. Alipanda Boeing ya kifahari ya kampuni ya Royal Jet ya Abu Dhabi, ya kukodi, hadi Atlanta. Magazeti yakakisia gharama mpaka shilingi milioni 200. Huku nyumbani mafuriko ya mvua za masika yalikuwa yamewatoa watu majumbani, na Bungeni ulikuwepo mswada wa fedha wenye kodi mpya, ambao kabla ya mwezi kwisha uliwatoa vijana barabarani, na tarehe 25 wakaingia hata Bunge lenyewe. Mwishoni mwa Mei Rais akajieleza hadharani. Alisema ndege ya rahisi kabisa aliyotajiwa ilikuwa ya shilingi milioni 70, akaamuru atafutiwe nafasi Kenya Airways. Ndipo marafiki, wasikiapo hivyo, wakamwambia alete milioni 10 nao watampa ndege. Kwa hivyo, alisema, Jamhuri haikulipa zaidi ya milioni 10.

"Ustadh, wewe ni mtu wa magazeti," akasema mwenyeji wangu. "Yawezekana hiyo?"

Sikuwa na jibu. Aliyekuwa nalo ni kijana wa Wilson. Akatueleza kwamba ndege haikodishwi kwa kichwa cha abiria kama matatu ya Thika Road. Hukodishwa kwa saa, yote nzima, iwe na watu kumi ama mmoja. Juu ya saa huja malipo ya kutua, malipo ya kuegesha, malipo ya kupita anga za watu, hoteli za marubani na chakula. Na saa hazianzi unapopanda wewe. Huanza pale ndege inapoondoka kwao kuja kukuchukua, zikaisha inaporudi kwao.

"Tuchukue mfano," akasema. "Nairobi hadi Atlanta hazipungui saa 15. Kwenda na kurudi, 30. Ndege kubwa namna ile tuseme dola 15,000 kwa saa. Tia na kuitoa Abu Dhabi na kuirudisha."

Tukapiga hesabu juu ya karatasi ya sukari, dola moja kwa shilingi 130 kama ilivyokuwa siku zile. Saa 30 peke yake zilitoka shilingi milioni 58 na nusu. Ukiongeza safari za Abu Dhabi, unavuka hiyo milioni 70 aliyoitaja Rais mwenyewe. Kwa hivyo milioni 70 haikuwa bei ya kuonewa.

Bibi alikuwa kimya akimenya ndizi. Akauliza kwa Kiswahili chake cha bara: "Mwalimu, hizo sitini zingine alilipa nani?"

"Marafiki, mama."

"Mimi nikiuza koti la mia saba kwa mia moja, jirani zangu watasema ama nimeliiba, ama kuna kitu nataka kwa huyo mnunuzi."

Nikakumbuka kisa ambacho kila mwanachuoni wa Pwani amekisikia: yule Ibn al-Lutbiyya aliyetumwa kukusanya zaka. Alirudi akazigawa mali mafungu mawili, akasema hili lenu, na hili nimepewa zawadi. Mtume, rehema na amani zimshukie, akapanda mimbari, akauliza kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake angeona zawadi hizo zikimfuata. Nikawasimulia pale uani. Sikusema kwamba Rais ni Ibn al-Lutbiyya, wala sisemi leo, kwani Rais alidai kuinusuru hazina na huenda aliinusuru kweli. Lakini swali la kukaa nyumbani kwa mama yako ni swali la kila mwenye cheo, na tena si la mara ya kwanza kwa Kenya. Mei mwaka 2013, Ruto akiwa Naibu wa Rais, alikodiwa jeti ya Challenger ya kampuni ya VistaJet kuzuru nchi nne za Afrika ya Magharibi na Kati. Gazeti likataja shilingi milioni 100, serikali ikasema milioni 18 na nusu, kamati ya Bunge ikakaa kuchunguza. Baina ya milioni 18 na milioni 100 pana nafasi ya kujenga zahanati ngapi, msomaji apige hesabu mwenyewe.

"Basi kwa nini serikali isinunue yake, ya mtumba, ikaacha kuomba lifti?" akauliza mwenyeji.

Hapo bibi akacheka, akafuta mikono, akavuta robota lililokuwa pembeni. Akanifundisha somo ambalo sikulipata kwa masheikh wangu. Mtumba, akasema, hautazamwi usoni. Wa daraja la kwanza huitwa kamera, na wa mwisho, yale masalio yanayobaki chini, huitwa fagia. Mgeni huwa haoni tofauti kwa sababu hutazama rangi na lebo. Mwenyeji huigeuza nguo ndani, hutazama kola, kwapa na mshono wa mapajani. Ndani ndiko nguo husema imevaliwa mara ngapi.

Kijana akaruka: "Ndivyo hivyo hivyo ndege, mama!"

Nami nathibitisha, kwani tangu hapo nimesoma kidogo na kuuliza wanaojua. Jeti kuukuu ya wafanyabiashara, tuseme Citation ya miaka ya 1980, huweza kupatikana kwa fedha isiyofika dola milioni moja, chini ya bei ya jumba zuri la Nyali. Mtu akiisikia bei hiyo hudhani amepata. Lakini ndege hazeeki kwa miaka peke yake. Huhesabiwa saa ilizoruka, na pia mara ilizopaa na kutua, kwani kila ipaapo hujaa hewa na kuvimba, na kila ituapo hupungua, kama kifua cha mtu, na bati hilo lina kikomo. Injini nazo zina saa zao. Zikitimia, hushushwa na kufunguliwa zote, na kwa ndege ya umri ule kazi hiyo ya injini mbili yaweza kuzidi bei ya ndege nzima. Mafuta nayo hayajui kwamba ndege ni kuukuu: injini ya zamani hunywa zaidi ya ya kisasa. Rahisi ghali, walisema wazee wetu.

Kwa hivyo mnunuzi mwenye akili haanzi kwa kutazama viti vya ngozi. Huanza kwa vitabu. Kila ndege ina vitabu vya kumbukumbu tangu ilipotoka kiwandani: kila saa, kila nati iliyobadilishwa, kila fundi aliyetia sahihi. Vitabu vikipotea, ndege inayoruka vizuri kabisa hushuka bei vibaya sana, kwa kuwa hapana awezaye kuishuhudia. Ni kama hadithi isiyo na isnadi, maneno yake yaweza kuwa mazuri lakini mpokezi wake hajulikani. Baada ya vitabu huja mafundi wasio na undugu na muuzaji. Hupitisha ndani ya injini kamera nyembamba kama mrija, hufungua sakafu na kutafuta kutu. Hapa sisi watu wa Pwani tuna ushauri: jeti iliyoishi kando ya bahari itazamwe mara mbili. Chumvi iliyokula mapaa yetu ya mabati haiheshimu bawa la tajiri.

Fedha nazo hazitiwi mkononi mwa muuzaji. Huwekwa kwa mtu wa tatu, na wengi wa watu hao wako Oklahoma City huko Marekani, kwa sababu ndiko liliko daftari la ndege za nchi hiyo. Huyo hazitoi mpaka hati zote ziwe safi na ndege isiwe rehani ya mtu. Kwa mambo ya rehani upo Mkataba wa Cape Town wa mwaka 2001, ambao Kenya imo, wenye daftari lake Dublin, Ireland. Sikujua haya. Nilidhani ndege hununuliwa kama ng'ombe, kwa kushikana mikono.

Na baada ya kununua ndipo gharama inapoanza: marubani wawili na mishahara yao iwe inaruka isiruke, bima, banda la kuiweka, mafunzo ya kila mwaka. Walio katika biashara hii husema mtu asiyeruka saa mia mbili au tatu kwa mwaka afadhali akodi. Tena akodi kwa mwenye cheti cha kuendesha ndege za biashara. Wapo wenye jeti zao binafsi ambao humpa mtu safari na kupokea bahasha, na ajali ikitokea bima inaweza kukataa kulipa, kwani ndege ile haikukatiwa bima ya kubeba watu kwa fedha.

Watawala wetu nao wamelijaribu kila namna jambo hili. Mobutu Sese Seko alikodi Concorde ya Air France na kuiteremsha Gbadolite, kijijini kwao, kwenye uwanja aliojenga msituni. Kenya ilipata Fokker 70 ya rais mwaka 1995, wakati wa Daniel arap Moi, na mwaka uliofuata kiwanda cha Fokker kikafilisika. Kununua kitu kipya hakukuokoi ikiwa fundi wake anakufa. Ndege hiyo, iliyotimiza miaka 29 mwaka 2024, haikuumbwa kuvuka Atlantiki, ndiyo maana wakubwa huangalia za kukodi. Tanzania ilileta Gulfstream G550 mwaka 2004, wakati wa Benjamin Mkapa, kwa zaidi ya dola milioni 40, na Waziri wa Fedha Basil Mramba akakumbukwa zaidi kwa kauli yake kwamba ndege itanunuliwa hata ikibidi wananchi kula nyasi. Mwaka 2013 Malawi, chini ya Joyce Banda, ikaiuza jeti ya rais kwa dola milioni 15. Kuuza nako hakukumaliza maneno, kwani watu waliuliza fedha zile zilikwenda wapi.

Nilipokuwa nikiyataja hayo, kijana akasema jambo lililonifunga mdomo. Akasema yupo mtu awezaye kuruka kwa jeti kwa bei ndogo kweli: yule anayepanda ile ya kurudi tupu. Ndege imempeleka mtu Kigali, inarudi Nairobi bila abiria, na aliyekodi amekwisha kuilipia. Kampuni huziuza safari hizo kwa nusu bei au chini yake.

"Zinarudi tupu?" nikauliza. "Nyingi?"

"Nyingi, Ustadh. Mimi huzipangusa na hazina hata vumbi."

Mwaka 1999 mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, aliugua ghafla Faza, katika kisiwa cha Pate. Tumbo lilijaa, mkojo ulifungika. Tukamvusha kwa mashua hadi Lamu, daktari akasema Mombasa, tena upesi, na njia ya gari siku zile ilikuwa ya majambazi na matope. Tukaulizia ndege ndogo ya kukodi, ya panga, wala si jeti. Kampuni moja ikatutajia bei ya safari tatu: ya kuja tupu kutoka Nairobi hadi Manda, ya kumpeleka mgonjwa Mombasa, na ya kurudi tupu Nairobi. Hatukuelewa kwa nini tulipie mbili ambazo mjomba hayumo. Tulibishana kwa simu ya mbao ya dukani, tukadhani tunaibiwa. Huku watu wakichanga. Mama yangu alitoa bangili. Baada ya Isha tulikuwa na thuluthi mbili. Tukaambiwa ndege haiji usiku, tumalizie asubuhi. Alfajiri, mwadhini akiwa hajashuka, mjomba akatutoka.

Miaka 25 nimeishi na fikira kwamba tulionewa. Kijana wa Kiandutu akanionyesha kwamba bei ilikuwa bei ya kawaida ya biashara ile, kwa kila mtu. Sijui kama hilo limenifariji. Kilichonichoma ni hicho kingine: kwamba huenda siku ileile ilikuwepo ndege iliyompeleka mtalii Manda, ikarudi tupu na kiti cha mjomba, nasi hatukuwa na wa kutuambia. Bibi akanisogezea maji. Hakusema pole mara mbili kama wasemavyo watu. Alisema moja, akanyamaza.

Mwenyeji, kwa kutaka kunichangamsha, akaniomba ubeti, kama nilivyokuwa nikiwatungia chuoni. Nikampa bibi huu:

Ukienda kununua, geuza usijivune,
Kola yake kukagua, na mshono ushikane,
Bei yake kuijua, na mwenyewe mpatane,
Na ndege walonunua, tuigeuze tuone.

Bibi akafasiriwa vizuri na binti yake, akatikisa kichwa. "Maneno mazuri," akasema. "Lakini nguo ulikuja bila. Thika jioni kuna baridi, Mwalimu."

Kweli nilikuwa na kanzu na koti jepesi la Pwani. Akalifungua robota, akanitolea koti zito la sufi, la kijivu. Nikanyosha mkono kulivaa, akaniangalia tu. Nikaona haya, nikaligeuza ndani. Kola safi. Kwapa zima. Kwenye mshono wa ndani palikuwa na kikaratasi cha dobi chenye maandishi ya Kijerumani, na namba.

"Kamera," nikasema.

"Mia saba."

Nikamwambia mia tatu, kwa kuwa mimi ni mgeni wa akika. Akasema akika ni ya mkwewe, koti ni lake. Tukaishia mia tano na hamsini, nikalilipa lote mwenyewe mbele ya watu, na kijana wa Wilson akanisindikiza stendi kushika matatu ya Nairobi kabla ya Magharibi.